Babangu hakai tena barazani: ni uzee, au kuna jambo?

Swali: Shikamoo, daktari. Naishi na babangu Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Ana miaka 72. Alikuwa dereva wa winchi bandarini mpaka alipostaafu akiwa na 60. Mama alitutoka miaka miwili iliyopita. Tangu mwaka jana baba si yule tuliyemzoea. Hakai tena barazani na wenzake. TV anaiweka sauti mpaka majirani wanalalamika. Tukimsemesha anatujibu kwa ukali, au anajibu jambo jingine kabisa, na wajukuu anawafukuza. Usiku anaamka saa nane, saa tisa, anazunguka nyumbani. Chakula anasema hakina ladha, anaongeza chumvi. Majina yanampotea. Ana presha na sukari, anatumia dawa. Mwezi uliopita alianguka ngazini usiku, akaumia bega na kichwa kidogo. Ami yangu anasema ni uzee tu, tumtafutie mke atatulia. Jirani anasema amechezewa. Je, haya ni ya kawaida kwa umri wake, au tumpeleke hospitali?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole kwa mamako, Mwenyezi Mungu amrehemu, na pole kwa huu mwaka mzima wa kumtazama babako akijitenga nawe hujui umshike wapi. Mpeleke hospitali, na usingoje mwezi mwingine. Lakini nataka uende ukijua unachokitafuta, kwa sababu umeniuliza mambo kama manane ndani ya swali moja: mengine ni umri, mengine ni maradhi, na mengine ni msiba ambao haujaisha. Hilo neno la amiyo, "uzee tu", hunitia uchungu kila ninapolisikia kliniki. Nimewaona wazee wakikaa miaka na kiza machoni kwa mtoto wa jicho ambaye angetolewa kwa operesheni isiyofika saa moja, kwa kuwa nyumba nzima ilikuwa imekubaliana kwamba ni uzee tu.

Katika barua yako yote hukutaja sikio hata mara moja. Nami nataka kuanzia hapo.

Soma tena ulichoandika. Sauti ya TV iko juu. Anajibu jambo jingine. Baraza amelikimbia. Na kazi yake ilikuwa winchi. Mtu aliyekaa miaka mingi kando ya injini, minyororo na makontena yanayogongana amelipa kwa masikio yake. Kelele za desibeli 85 kwa saa nane kwa siku ndio mpaka ambao sikio linaweza kuuvumilia. Ukilazimika kupaza sauti ili mwenzako aliye hatua moja akusikie, umeshaufikia au umeupita. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo vidogo mno, ndizo zinazoupelekea ubongo sauti. Zikifa hazioti tena. Kelele huziua, na umri ukaendeleza kazi hiyo hiyo taratibu, ukianzia na zile zinazopokea sauti nyembamba.

Hapa ndipo watu wanapokosea kuelewa. Mzee hapotezi sauti zote kwa pamoja. A, o na u ni sauti nene, zinamfikia vizuri. Zinazopotea ni s, f, sh, t, k, p. Kwa hiyo anasikia kwamba unasema, ila hapati ulichosema. Kwake "fika", "sita", "shika" na "pita" ni neno moja. Ndiyo maana atakwambia kwa kiapo kuwa anasikia, ni nyinyi ndio mnaonung'unika. Hasemi uongo. Na mkimpigia kelele mnaongeza zile sauti nene alizokuwa anazisikia tangu mwanzo, neno halipambanuki, na juu ya hayo anaona uso wako umekunjamana. Anadhani umemkasirikia, naye anakujibu vivyo hivyo. Sauti za watoto ni nyembamba kuliko zote, na wajukuu husema mbio, wote kwa pamoja. Anawafukuza kwa sababu kwake ni makelele matupu, na sidhani kama kuna jambo linalomuumiza babu kuliko hilo.

Sasa mfikirie barazani. Watu watano wanasema kwa zamu na bila zamu, kete za bao zinalia, muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake, tuktuk inapita inchi mbili kutoka magotini mwao. Sikio lililochoka hushindwa kwanza penye kelele. Anacheka wenzake wakiwa wameshamaliza kucheka. Siku moja anaulizwa habari za mwanawe naye anajibu habari za mvua, baraza zima linaangua kicheko. Hawakukusudia ubaya. Lakini mtu mwenye heshima yake harudi pale kwa miguu yake. Atakwambia magoti yanamsumbua, au jua ni kali, au siku hizi barazani hakuna la maana.

Nayasema haya kwa uchungu wa kwangu mwenyewe. Mamangu tulimpigia kelele karibu mwaka mzima, nami wakati huo nilikuwa tayari daktari. Tulikwisha kuambizana kwa minong'ono kwamba akili zinaanza kumtoka. Siku mwenzangu mmoja alipomchungulia masikio, yote mawili yalikuwa yamezibwa na nta iliyokuwa ngumu kama gamba. Ililainishwa kwa matone siku chache, ikatolewa kwa maji ya vuguvugu. Njiani kurudi hakusema neno. Tulipofika aliingia chumbani, akakaa kitandani, akasema hakuwa anajua kwamba feni yake hupiga kelele. Mwaka ule siwezi kumrudishia.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni masikio ya babako yachunguliwe. Msiyachokonoe kwa pamba, njiti wala ufunguo. Nta husukumwa ndani zaidi. Ikiwa ni nta, furaha ipo karibu. Ikiwa si nta, apimwe usikivu wake na wataalamu wa masikio, pua na koo. Hospitali Kuu ya Pwani wapo, na daktari wa kliniki yenu anaweza kukuandikia barua. Huenda akashauriwa mashine ya kusikia. Ni ghali, sitakuficha, na vile vidude vya bei nafuu vinavyokuza kila sauti sawasawa mara nyingi huishia kwenye droo. Mashine yenyewe ipimwe kwa sikio lake, na apewe wiki kadhaa za kuizoea, kwa sababu ubongo uliokaa kimya miaka hushtuka ukirudishiwa kelele zote siku moja. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na akili, vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kupoteza usikivu ni mojawapo. Sikio, basi, si la kulipuuza.

Na leo hii, kabla ya hospitali: usimsemeshe ukiwa jikoni. Nenda mbele yake, uso wako uwe kwenye mwanga, zima TV, sema polepole kwa sauti nene kidogo. Asipolipata neno, usilirudie lile lile, libadilishe. Mfundishe mjukuu mmoja tu kufanya hivyo, mmoja, halafu uone.

Nije kwenye kuanguka, kwa maana hapo kuna jambo la haraka. Umesema aligonga kichwa. Kwa wazee damu inaweza kuvuja kidogo kidogo ndani ya fuvu, siku au wiki kadhaa baada ya kugonga, hata kama siku ile alionekana mzima. Ikiwa tangu hapo anaumwa kichwa zaidi, analala mno mchana, anachanganyikiwa, anayumba, au upande mmoja wa mwili umelegea, usisome mpaka mwisho. Mpeleke sasa hivi. Na hata kama hana lolote kati ya hayo, mwambie daktari habari ya kichwa kabla ya kumwambia ya bega.

Sababu za kuanguka huwa zimebebana. Mtu wa presha aliye na miaka 72 akiinuka ghafla, mishipa yake haikazi kwa wepesi ule wa ujanani. Damu inashuka miguuni, kichwa kinakuwa chepesi, anaona giza. Dawa za presha zinaweza kuzidisha, na zile za tezi dume vilevile. Muombe muuguzi ampime presha akiwa amelala au ameketi, kisha asimame, apimwe tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Ile namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, mmeshapata mmoja wa wahusika, na daktari ataangalia dawa zake. Msimpunguzie wenyewe. Yeye akiamka, aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, ndipo asimame.

Halafu kuna maji. Kiu ya mzee hudanganya: mwili unakauka naye hahisi. Figo nazo haziyashiki maji kama zamani. Katika Kaskazi hii yetu, ya kuanzia Desemba mpaka Machi, jasho linatiririka hata ukiwa umekaa kitako, na wazee wengi hujinyima maji kwa makusudi ili wasiamke usiku kukojoa. Mwisho wake ni presha kushuka, kizunguzungu, choo kigumu, na wakati mwingine kuchanganyikiwa kabisa. Maji anywe kwa wingi asubuhi na mchana, apunguze kuanzia Maghribi.

Nazijua nyumba za Kibokoni. Ngazi zimesimama kama ukuta, vidato havilingani, taa iko juu kabisa au haipo. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea karibu theluthi moja tu ya mwanga unaolifikia jicho la kijana wa 20, kwa sababu mboni imekuwa ndogo na lenzi imekuwa ya manjano. Wewe unapoona mwangaza hafifu, yeye haoni kidato. Wekeni taa chini na juu ya ngazi, pakeni rangi nyeupe ukingo wa kila kidato, fundi awafungie mhimili wa kushika pande zote mbili, na chooni pia. Mkeka wa mlangoni unaoteleza utoeni. Macho yake yapimwe, mtoto wa jicho na presha ya macho kwa pamoja, na kwa mtu wa sukari daktari amtazame mpaka nyuma ya jicho, kila mwaka.

Misuli ni sehemu nyingine. Hupungua kuanzia miaka ya thelathini, na baada ya 60 inakwenda mbio. Mpe kiti kisicho na mikono, akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara tano. Akizidi sekunde 15, au akishindwa, nguvu za miguu zimepungua na zinahitaji kujengwa. Zinajengeka hata kwa umri wake. Zoezi ni hilo hilo la kiti, kila siku, na kutembea. Ikiwa bado anaswali kwa kusimama, kurukuu na kusujudu bila maumivu, msimharakishie kiti cha kuswalia. Harakati zile ni hazina. Na aache kulala na chai na mahamri mawili. Mtu wa kilo 65 katika umri huu anahitaji kama gramu 65 mpaka 78 za protini kwa siku: samaki, mayai, maziwa, mbaazi, maharagwe, pojo. Ikiwa figo zake zina hitilafu, daktari ampangie.

Habari ya ladha imenigusa. Ni kweli kwamba pua na ulimi hupoteza makali, na pua ndiyo inayotangulia. Dawa nazo huvuruga ladha, meno mabovu pia, na ukungu mweupe mdomoni kwa watu wa sukari, akaguliwe. Chumvi yote ya siku, iliyo ndani ya chakula na ya juu, isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Mpatieni ndimu, ukwaju, kitunguu saumu, bizari, pilipili manga. Chakula cha kwetu hakikosi njia. Lakini mwanangu, huyu ni mtu aliyekula chakula cha mkono mmoja kwa miaka na miaka. Huenda ladha anayoitafuta hamna kwenye chumvi. Je, kuna chakula ambacho mamako alikipika kwa namna yake, nanyi mmeacha kukipika tangu afariki kwa kuogopa kuliana? Kipikeni. Kaeni naye mezani mkile pamoja.

Usiku wake tuutenganishe. Usingizi wa uzeeni huwa mwepesi na huhama: unakuja mapema, unaondoka mapema. Mzee akilala baada ya Isha, akaamka saa tisa, akaswali rakaa zake kwa utulivu na mchana hasinzii ovyo, mwacheni. Babako lakini anazunguka, na kuzunguka nina maswali nako. Anaamka kukojoa? Mara ngapi? Mkojo unachelewa kutoka, unakatika, anahisi haujaisha? Hiyo ni tezi dume, na wanaume wengi wa umri wake wanaona haya kuisema mbele ya binti. Mwambie kakako au amiyo amuulize. Anatoka jasho jembamba, anatetemeka, anasema yasiyoeleweka? Mpimeni sukari hapo hapo. Ikiwa chini ya 4 kwa kipimo cha mmol/L, mpeni juisi au sukari kwenye maji kama anaweza kumeza, na asubuhi muoneni daktari. Dawa nyingine za sukari, hasa glibenklamidi, hukaa mwilini mwa mzee muda mrefu na zinaweza kumshusha usiku akiwa amelala. Kwa umri huu sukari iliyoshuka mno inaua haraka kuliko iliyopanda kidogo.

Naombeni tena jambo moja kuhusu maduka ya dawa. Vidonge vya mafua na mwasho vile vinavyoleta usingizi, ambavyo kila nyumba Mombasa inavyo, si vya mzee. Vinavuruga kumbukumbu, vinazuia mkojo kwa mwenye tezi dume, vinamwangusha. Kama amekuwa akivinywa ili alale, huenda nusu ya ulichoniandikia kinaanzia hapo.

Kuhusu kusahau. Majina kupotea na kurudi baadaye ni kawaida. Kasi ya akili inapungua na umri, ilhali maneno, hekima na ujuzi wa kazi vinabaki, hata kukua, kwa miaka mingi. Kurudia hadithi ya zamani, ya meli fulani na nahodha fulani, si dalili mbaya. Kinachonishtua ni mtu kuuliza swali lile lile mara tatu ndani ya saa moja bila kujua kuwa ameshauliza, kupotea njia ya kurudi kutoka Marikiti aliyoipita maisha yake yote, kushindwa kuhesabu pesa alizokuwa akizihesabu, kutojua saa ile ni Adhuhuri au Alfajiri. Hayo yapimwe. Na hata hapo kuna sababu zinazotibika: tezi ya shingoni iliyolegea, na upungufu wa vitamini B12. Mtu aliyetumia metfomini kwa sukari kwa miaka anaweza kuishiwa na B12, akawa msahaulifu na mwenye ganzi nyayoni, na ganzi hiyo ikawa nayo inamwangusha. Ni kipimo cha damu, ni sindano au vidonge. Ombeni kipimo hicho kwa jina lake. Kuchanganyikiwa kunakokuja ghafla, kwa saa au siku mbili, ni jambo jingine: ni malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia, ukavu, sukari, kichwa kilichogongwa. Huko ni kukimbilia hospitali.

Jirani aliyesema amechezewa, mjibuni kwa adabu, lakini neno hilo lisikae nyumbani mwenu. Hapa hapa Pwani, upande wa Kilifi, wazee wamefukuzwa na kuuawa kwa kuitwa wachawi, na wengine wameishia kuishi kwenye kituo cha kuwahifadhi wazee cha Kaya Godoma, Ganze, mbali na mashamba yao. Mzee anayetembea usiku, anayesema peke yake, anayemtuhumu mwanawe kuwa amemwibia, ni mgonjwa anayehitaji kushikwa mkono. Kifungu cha 57 cha Katiba yetu kinampa haki ya kuishi kwa heshima na utu bila kunyanyaswa, na kutunzwa na jamaa zake na serikali. Dua na kisomo kiendelee kama ilivyo ada yenu, na kliniki ienende sambamba.

Sasa la moyo. Sisi tunajua kumzuia mjane akae eda miezi minne na siku kumi. Ndani ya siku hizo watu wanamjia, wanakaa naye, anatajiwa mumewe, analia. Mwanamume aliyefiwa hupewa siku tatu za matanga, kisha anaambiwa ajikaze. Babako alipoteza mtu aliyekuwa akimfasiria dunia: aliyemwambia nani amekuja, nani amesema nini, dawa gani saa ngapi. Kwa mtu ambaye masikio yamechoka, mke wa miaka mingi huwa ndiye sikio lake. Huenda mamako alikuwa akiuficha uziwi wake bila nyinyi kujua, na alipoondoka ndipo ukaonekana.

Huzuni hiyo ni ya haki. Lakini ikikaa inaweza kugeuka sonona, yaani huzuni iliyokuwa ugonjwa, na sonona ya mzee haina sura ya kilio. Ina sura ya ukali, ya kuumwa mwili mzima, ya kutotaka kula, ya kusema "mimi wa nini tena". Inatibika, kwa mazungumzo na kwa dawa. Muulize waziwazi mkiwa wawili: baba, umefika mahali huoni raha ya kuishi? Umewahi kufikiria kujidhuru? Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa mlango. Akikubali, usimwache peke yake, na daktari ajue siku hiyo hiyo.

Msikilize akihadithia. Erik Erikson, mwanasaikolojia aliyeishi 1902 mpaka 1994, aliigawa safari ya binadamu katika hatua nane, na ya mwisho akaiona kuwa ni mzani: mtu hutazama nyuma akaona maisha yake yana maana, au akaingia katika kukata tamaa. Mwaka 1963 daktari wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba wazee kurejea yaliyopita ni kazi ya kawaida ya nafsi, wakati wengi walikuwa wakiihesabu kuwa ni akili kuchoka. Unaposema "baba, hiyo umeshatuhadithia", unaikatiza kazi hiyo. Muulize juu ya picha yoyote ya zamani ya bandarini. Muulize alivyomuona mamako mara ya kwanza. Mtaje kwa jina lake.

Si kila kupunguza watu ni ugonjwa, hilo nalo ulijue. Wengi wakizeeka huchagua wachache wanaowapenda na kuwaacha wengine, nao huwa na amani kuliko vijana. Tofauti ni kama amechagua au amesukumwa nje. Ukitaka kujua, mwombe rafiki mmoja wa barazani, mmoja tu aliye karibu naye zaidi, aje nyumbani asubuhi kukiwa kimya, wanywe kahawa na kete za bao ziwe kati yao. Akichangamka, ujue baraza halijamchosha. Kelele ndizo zilizomtoa. Mpe pia jukumu lenye uzito. Mtu aliyekuwa akiinua tani za mzigo wa watu bila kuuangusha hawezi kukaa miezi akiletewa chai na kuulizwa kama amekunywa dawa. Amchague samaki mwenyewe. Ampeleke mjukuu madrasa. Pesa za matumizi mkimpa, mpeni mkononi pake kwa faragha, zipite kwake, anunue yeye.

Na ami? Kuoa ni haki ya babako akitaka, na hamu ya mwenzi haiishi kwa mvi. Watoto wengi hapa mjini huwakatalia baba zao kwa sababu ya nyumba na mirathi, wakisema ni kwa ajili ya kumbukumbu ya mama. Ila mke asiletwe kama dawa ya usingizi. Mke mgeni anayesemeshwa kwa ukali na mume asiyemsikia atakuwa msiba wa pili. Masikio kwanza, sonona ipimwe, kisha aulizwe mwenyewe.

Siku ya kwenda kliniki tia kwenye mfuko dawa zake zote, hata zile za miti shamba na za dukani, pamoja na miwani yake. Andika kwenye karatasi: kichwa, masikio, presha akiketi na akisimama, sukari, B12, tezi ya shingoni, mkojo na tezi dume, macho. Ombeni chumba chenye utulivu. Keti pembeni yake, usikae mbele yake, na umwache yeye aseme kwanza. Daktari akikugeukia wewe kumuulizia habari zake, nawe mgeukie babako, usome midomo yake anapojibu, na umsubiri amalize.